Dola 35 kwa kila picha: je, shindano hili linastahili ada yake?

MpigaPichaWaMasese (Jinja)

Salamu kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mpiga picha wa sherehe hapa Jinja, Uganda. Riziki yangu hutoka kwenye kwanjula (sherehe za utambulisho kabla ya ndoa), arusi na mahafali ya shule, na siku ambazo hakuna kazi huchukua kamera na kushuka mwaloni Masese, pale wavuvi wanapofikia ziwani, kupiga picha zangu mwenyewe, zile ambazo hakuna mteja aliyeziagiza. Mwezi uliopita nilipata picha moja ambayo hata mke wangu, ambaye kwa kawaida hazitazami picha zangu bila kuuliza zimelipiwa kiasi gani, aliikalia kimya kwa muda mrefu. Ni alfajiri, ukungu wa ziwa haujainuka, na mama mmoja anayeanika mukene, yaani dagaa, ameinua ufagio wa vijiti juu ya kichwa chake, huku kalooli, yule korongo mkubwa mwenye upara, akiwa amekunjua mabawa yote mawili mbele yake kana kwamba hatoki pale mpaka apunguziwe bei. Dagaa wanameta juu ya nyavu zilizotandazwa, na jua linapenya kwenye manyoya ya ndege.

Kuna shindano la kimataifa, lenye makao Ulaya, ambalo nimeliona likitangazwa mtandaoni. Ada yake ni dola 35 kwa kila picha, yaani takriban shilingi 130,000 zetu, na zawadi kuu ni dola 10,000. Vipengele viko 40, na kila kimoja kina mshindi wa kwanza, wa pili na wa tatu, pamoja na wale wanaopewa cheti cha kutambuliwa kwa heshima. Nilikuwa nimepanga kupeleka picha tatu, ambazo zingenigharimu karibu shilingi 390,000, na kwa mtu ambaye kwanjula moja humwachia 500,000 baada ya kumlipa msaidizi na kujaza mafuta ya pikipiki, hiyo si fedha ya kuchezea. Imebaki wiki tatu kabla ya siku ya mwisho.

Nimejaribu kuyasoma masharti yao na kuna kifungu ambacho sikukielewa vizuri. Kwa jinsi nilivyokitafsiri, kinasema kwamba mshiriki anawapa waandaaji leseni ya kudumu, isiyobatilika, isiyo na malipo, ya kuzitumia, kuzirekebisha na kuwakabidhi watu wengine picha zote zilizowasilishwa, kwa madhumuni yoyote, duniani kote. Je, hili ni jambo la kawaida katika mashindano ya picha? Na kwa wale waliowahi kuingia, mtu hujuaje kwamba shindano linafaa kabla hajatoa fedha yake?

MzeeWaStudio (Kampala)

Kijana wangu, hongera kwa picha. Maelezo yako tu yamenifanya niisikie harufu ya Masese. Lakini kabla hujatuma hata senti moja, hebu zunguka ukakae upande wa pili wa meza, pale wanapokaa waandaaji, ufanye hesabu yao. Tuseme zimeingia picha 5,000 tu, jambo ambalo si gumu kwa shindano linalotangazwa dunia nzima. Kwa dola 35 kila moja, hizo ni dola 175,000. Toa zawadi kuu ya 10,000, toa gharama za tovuti na za matangazo, toa hata posho za majaji, na bado utaona kwamba anayeshinda kila mwaka bila kukosa ni yule aliyeandaa. Sisemi kwamba kila ada ni wizi, kwa maana kukodi ukumbi, kusafisha picha kwa ukubwa wa maonyesho na kuzitundika ukutani ni kazi yenye gharama, nami nimewahi kulipa ada ndogo kwa moyo mweupe nilipoona maonyesho yenyewe yanafanyika na watu wanakuja kuyatazama. Ninachosema ni kwamba ujue unanunua nini.

Hiyo idadi ya vipengele imenishtua kuliko ada. Vipengele 40, kila kimoja na washindi watatu, hao ni 120. Ongeza wanaotambuliwa kwa heshima, ambao idadi yao haina kikomo, na utakuta kwamba karibu kila mtu amepata kitu. Nasema hivi kwa kuwa nimeumwa. Mwaka 2016 niliingia shindano la namna hiyo, na baada ya miezi minne nikapata barua pepe ya kunipongeza kwa kutambuliwa kwa heshima katika kipengele ambacho hata sikukumbuka kukichagua. Nilifurahi, nikawasomea wateja dukani. Barua ya pili ilikuja baada ya siku mbili: kikombe cha kioo chenye jina langu kilikuwa kinauzwa dola 60 bila usafirishaji, na kitabu cha washindi dola 85. Kikombe nilikiacha, kitabu nikanunua kwa sababu ya ujinga wa furaha. Kilipofika posta na kukifungua, nilikuta picha yangu ukurasa wa mia mbili na kitu, imebanwa kati ya nyingine kumi na moja, ukubwa wake kama stempu, na jina langu limekosewa herufi mbili. Hakuna mteja hata mmoja, tangu siku hiyo hadi leo, aliyeniuliza habari za cheti kile.

Kwa hiyo, nikijibu swali lako la mtu hujuaje, mimi sasa huwatafuta washindi wa miaka miwili iliyopita, si wa mwaka jana ambao bado wana furaha, nikawaandikia watatu au wanne. Wapiga picha wengi hujibu wakiulizwa kwa adabu. Nawauliza kama fedha ilifika na baada ya muda gani, nani aliyelipia kusafisha na kusafirisha picha za maonyesho, na kama kuna aliyewapigia simu kuwapa kazi kwa sababu ya tuzo ile. Kisha nawatazama majaji: wakitajwa kwa majina, huandikia mmoja wao kuthibitisha kwamba anajua yeye ni jaji, kwa kuwa yapo majina hubandikwa bila wenyewe kuwa na habari. Shindano lisilowataja majaji kabisa, hilo silisomi hata ukurasa wa pili.

Na usisahau suala la zawadi isiyokuwa fedha taslimu. Wakikuahidi kamera, uliza nani atakayelipa ushuru wa forodha na ile VAT yetu ya asilimia 18 itakapofika Entebbe. Zawadi inaweza kukukuta huna fedha ya kuikomboa.

MsomaMasharti (Mbarara)

Naomba nichukue kifungu alichokitaja ndugu yetu wa Jinja, kwa kuwa kwa maoni yangu ndiko ada halisi ilikojificha, na zile dola 35 ni nauli tu. Si wakili wa hakimiliki, ila kazi yangu ya kila siku ni kusoma mikataba, na nimesoma masharti ya mashindano mengi kwa niaba ya mdogo wangu anayepiga picha.

Kila shindano linahitaji kibali cha aina fulani, la sivyo haliwezi hata kuionyesha picha iliyoshinda kwenye tovuti yake. Kilicho cha kawaida, na ambacho ningekitia sahihi bila kusita, ni leseni inayohusu picha zilizoshinda au zilizofika fainali peke yake, kwa ajili ya kulitangaza shindano lenyewe na maonyesho yake, kwa miaka inayotajwa, na jina la mpiga picha likiandikwa kila picha inapotumika. Linganisha hayo na kifungu chako. Kwanza, kinasema picha zote zilizowasilishwa, maana yake hata ikianguka raundi ya kwanza, wao wanabaki nayo. Pili, kinasema kwa madhumuni yoyote, si kwa kulitangaza shindano. Tatu, wanaweza kuikabidhi kwa wengine, na hao wengine wanaweza kuwa kampuni ya kuuza picha kwa watangazaji. Nne, wanaweza kuirekebisha. Ukiyaweka pamoja, utaona kwamba wewe unabaki mwenye picha kwa jina, ilhali wao wanaweza kuitumia sawasawa na mwenyewe, tena baada ya wewe kuwalipa. Kuna waandaaji ambao shindano kwao ni njia ya kukusanya akiba kubwa ya picha kwa bei nafuu kuliko kuwatuma wapiga picha kazini.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 inakulinda tangu pale picha inapopigwa, bila kulazimika kuisajili popote, na ulinzi wa haki za kiuchumi katika picha unadumu miaka 50 tangu ilipopigwa. Inatambua pia haki ya kimaadili, yaani haki yako ya kutajwa kuwa ndiwe uliyeipiga. Lakini sheria haimzuii mtu mzima kugawa haki zake za kiuchumi kwa kubofya kisanduku cha "nakubali", na ukishabofya, kwenda kudai Ulaya kutokea Jinja ni safari ndefu.

Nitaongeza jambo ambalo wapiga picha wa sherehe wengi hawalijui. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba kazi iliyofanywa kwa kuagizwa na mtu, kama hakuna mkataba unaosema vinginevyo, hakimiliki yake ni ya aliyeiagiza. Kwa hiyo kama kati ya zile picha tatu kuna iliyotoka kwenye kwanjula uliyolipwa, usiipeleke popote kabla hujakubaliana na bwana na bibi arusi kwa maandishi.

Na yule mama wa ufagio? Uso wake unaonekana, nawe umeombwa kibali cha matumizi yoyote. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, ambayo msingi wake ni ridhaa ya mtu. Lakini hata sheria ikiwekwa kando, jiulize utamwambia nini siku atakapojiona kwenye tangazo la dawa ya kuua wadudu.

BintiWaChumvi (Kasese)

Nawaheshimu kaka zangu waliotangulia, ila naona mnamtisha mwenzetu hadi afungie picha kabatini. Mimi hupiga picha za wachimba chumvi wa Ziwa Katwe, na miaka mitatu iliyopita nililipa ada ya dola 20 kuingia shindano ambalo sikushinda chochote, wala cheti. Hata hivyo sijutii, kwa sababu masharti yalitaka picha kumi zinazosimulia habari moja, nami nilikuwa nazo zaidi ya mia sita. Kwa wiki mbili nilizisafisha ndogo ndogo kwenye studio ya jirani, nikazitandaza sakafuni, nikawa kila jioni naondoa nyingine. Nilizipenda sana zile za machweo zenye maji mekundu, na zote zikatoka. Zikabaki mikono, magogo ya kuelea, na miguu yenye vidonda vya chumvi. Mkusanyiko ule ndio niliomwonyesha mhariri mmoja aliyenipa kazi yangu ya kwanza nje ya wilaya. Bila siku ya mwisho ya shindano, ningekuwa bado nazihesabu.

Lakini, kaka wa Jinja, kwa nini ulipe wakati yapo makubwa yasiyotoza? World Press Photo, lililoanza mwaka 1955 huko Uholanzi, halina ada ya kuingia, na tangu shindano la mwaka 2022 dunia imegawanywa katika kanda sita, Afrika ikiwa mojawapo, ili picha zetu zipitiwe kwanza na majaji wanaoijua kanda yetu. Linataka uwe mtu wa kazi ya habari au ya kumbukumbu halisi za maisha, na picha iwe ya mwaka uliotangulia. Sony World Photography Awards nalo halitozi, wala lile la Dubai linaloitwa HIPA. Hapa nyumbani, Uganda Press Photo Award ilianza mwaka 2012, na faida ya tuzo za karibu ni kwamba unaweza kwenda kwa miguu yako kuona zimetundikwa na nani amekuja kuzitazama.

Tena usitegemee picha moja. Sarah Waiswa, aliyezaliwa Uganda na kufanyia kazi Kenya, alipopata tuzo ya wapiga picha wapya huko Arles, Ufaransa, mwaka 2016, alipeleka mfululizo wa picha, si bahati ya asubuhi moja. Yule mama wa mukene ana siku nzima. Umemwona alfajiri tu.

MpigaPichaWaMasese (Jinja)

Asanteni sana, Mzee, ndugu wa Mbarara na dada wa Kasese. Nimewaandikia waandaaji nikiuliza kama kile kifungu kinahusu picha zilizoshindwa pia, na jibu lililokuja baada ya siku mbili lilikuwa la mashine: kiungo cha kurudi kwenye masharti yale yale. Hilo nimelihesabu kuwa jibu. Nyingine mbili nilizotaka kupeleka ni za kwanjula kweli, kwa hiyo hizo nimeziweka kando mpaka nizungumze na wenyewe.

Lakini sasa, kwa kuwa dada ametaja World Press Photo, naona ni heri niseme ukweli wote kabla sijapoteza muda wa watu. Kwenye picha ile kulikuwa na kaveera (mfuko wa plastiki) ya bluu imenasa kwenye wavu, upande wa chini kushoto, nami niliifuta kwa programu. Na jambo la pili: yule kalooli hakuja mwenyewe. Alikuwa amesimama mbali, juu ya paa la kibanda, nikamwomba kijana mmoja amtupie matumbo ya samaki karibu na nyavu. Mama alipomwona ndege anasogelea dagaa wake alimkimbilia na ufagio kwa hasira za kweli, hakuigiza. Je, picha bado ni halali?

MhaririWaPicha (Entebbe)

Umefanya vyema kuuliza hapa kabla hujaulizwa na jopo. Nimefanya kazi ya kuchagua picha za gazeti kwa miaka kadhaa, na nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu haya mawili uliyoyataja hayana uzito sawa.

Kaveera ni jambo rahisi. Mashindano ya picha za habari hayaruhusu kuongeza wala kuondoa kitu kilichokuwa mbele ya kamera; kukata kingo na kurekebisha mwanga kwa kiasi kunavumiliwa, kufuta hakuvumiliwi. Nao hawatosheki na maneno yako: picha ikifika raundi za mwisho wanakutaka utoe faili ghafi, lile lililotoka kwenye kamera kabla ya kuguswa na programu yoyote, na mtaalamu huliweka kando ya picha uliyoituma. Katika shindano la World Press Photo la mwaka 2015, karibu asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho ziliondolewa kwa marekebisho ya namna hiyo, mengi yakiwa madogo kama kaveera yako. Tena ile kaveera ilikuwa sehemu ya habari. Rudi kwenye faili ghafi, uirudishe mahali pake, uone kama picha inakufa. Nina hakika haitakufa. Kama huna faili ghafi kwa sababu ulipiga JPEG peke yake, yaani faili ambalo kamera imeshalirekebisha na kulibana, basi kwa mashindano ya habari safari imeishia hapo, na kuanzia leo iweke kamera yako ihifadhi zote mbili.

Matumbo ya samaki ndiyo yananisumbua. Unasema mama hakuigiza, na nakuamini. Lakini tukio lenyewe lilitokea kwa sababu yako. Bila kijana wako kutupa yale matumbo, ndege angebaki juu ya paa na mama angeendelea kugeuza dagaa. Kwa kanuni za picha za habari, hilo ni kupanga tukio. Na usidhani mashindano ya wanyamapori yatakupa mwanya. Wildlife Photographer of the Year, linaloendeshwa na jumba la makumbusho ya viumbe la Natural History Museum jijini London, limewahi kuondoa hata tuzo kuu: mbwa mwitu akiruka lango, picha iliyoshinda mwaka 2009, ilivuliwa ushindi baada ya majaji kuamini kwamba mnyama alikuwa wa kufugwa. Mwaka 2018 ikavuliwa nyingine, ya mla-mchwa huko Brazili, baada ya wataalamu kumlinganisha na mnyama aliyekaushwa na kujazwa aliyekuwa akionyeshwa penye lango la hifadhi. Wapiga picha wote wawili walikana. Hoja yangu ni kwamba watu watachunguza, na kadiri tuzo inavyokuwa kubwa ndivyo watakavyochunguza zaidi.

Hata maelezo ya chini ya picha huangusha mtu. Katika shindano lile lile la World Press Photo la mwaka 2015, mfululizo mmoja ulionyang'anywa tuzo ulihusu mji wa Charleroi, Ubelgiji, ikagundulika kwamba mojawapo ya picha ilipigwa Brussels. Wewe ukiandika kwamba "kalooli avamia dagaa wa mama alfajiri", ilhali unajua aliitwa kwa matumbo, umeandika uongo hata kama kila chembe ya picha ni halisi.

Yapo mashindano ya sanaa ambako kupanga tukio si kosa, mradi useme. Mwaka 2023 msanii wa Kijerumani aliikataa tuzo ya Sony katika kipengele cha ubunifu, akaeleza kwamba taswira yake ilikuwa imetengenezwa kwa akili unde. Tangu hapo waandaaji wengi wamekaza masharti, na huenda ukaombwa faili ghafi hata kwenye vipengele vya sanaa. Picha yako inaweza kuingia huko, pamoja na maelezo ya kweli ya jinsi ilivyopatikana. Mimi lakini nisingeipeleka. Ningeitundika nyumbani, nikarudi mwaloni.

MzeeWaStudio (Kampala)

Mhariri amesema yote. Nitaongeza tu kwamba zile 130,000 za ada ya picha moja, ukizipeleka kwenye studio nzuri ya kusafishia, zitakupatia picha kubwa kadhaa za kuwaonyesha wateja wako wa kwanjula, na hao ndio wanaokulisha. Mteja akiiona picha ya mwaloni ukutani ataelewa kwamba huyu bwana ana jicho.

Halafu, kijana, jihadhari na yale mashindano ya kupigiwa kura mtandaoni, hasa yale ambayo kila kura inalipiwa kwa simu. Pale hushindi kwa picha, unashinda kwa wingi wa shangazi.

MpigaPichaWaMasese (Jinja)

Ndugu zangu, nimerudi. Ada sikulipa. Nilifungua faili ghafi, ambalo kwa bahati ninalo, nikairudisha kaveera mahali pake, na Mhariri alikuwa sahihi: picha haikufa, tena ile bluu inavuta jicho kuelekea kwenye mguu wa mama uliozama mchangani, kitu ambacho sikuwa nimekiona kabisa. Kisha nikaisafisha moja ya ukubwa wa karatasi ya kawaida, nikaiweka kwenye bahasha, nikashuka Masese.

Mama nilimkuta anageuza dagaa. Nilimwamkia, nikampa picha, nikamweleza yote bila kuficha: kwamba nilimwagiza kijana atupe matumbo, kwamba nilitaka kuipeleka mashindanoni, na kwamba nilipaswa kumwomba ruhusa kabla na sikufanya hivyo. Aliishika kwa ncha za vidole kwa kuwa mikono ilikuwa na magamba, akaitazama, akawaita wenzake wawili nao wakaitazama, wakacheka sana, hasa kwa sura yake ya hasira. Halafu akaniuliza, kwa upole kama anayemuuliza mtoto, kwa nini nilipoteza matumbo ya watu. Yule kalooli anamjua. Ana kidole kimoja kilichokatika, naye huja mwenyewe kila mitumbwi inaporudi na mukene wengi, hasa usiku usio na mwezi unapoisha, kwa sababu wavuvi huvutia dagaa kwa taa na kwenye mbalamwezi hawapati kitu. Akahesabu kwa vidole, akaniambia nije Alhamisi ijayo kabla ya saa kumi na mbili, nikae upande wa kibanda cha wavu, ninyamaze.

Ruhusa amenipa, mbele ya wale wenzake, na tumeiandika kwenye karatasi kwa Kiswahili na Kiganda, kwamba picha zinaweza kuonyeshwa kwenye maonyesho na mashindano lakini si kwenye tangazo la biashara. Ameweka sharti moja la kwake, ambalo sijalikuta kwenye masharti ya shindano lolote: dagaa waonekane vizuri, si ndege tu, kwa maana wanunuzi wake wakiiona picha waone kwamba mukene wa kwake hawana mchanga.